Kalamu za Nibu za Kichina na Wino Unaozifaa

Raha ya kuandika kwa kalamu ya nibu haihitaji fedha nyingi, na viwanda vya China vimelidhihirisha jambo hilo kwa miaka mingi. Kampuni ya Hero ya Shanghai, iliyoanzishwa mwaka 1931, inajulikana kwa Hero 616, kalamu nyembamba yenye nibu iliyofunikwa karibu yote, kwa umbo linalofuata Parker 51 ya Marekani ya mwaka 1941. Kando yake zipo kampuni za Jinhao na Wing Sung, ambazo kalamu zake nyingi huuzwa chini ya dola 10. Hata hivyo, katika bei hiyo kalamu mbili za aina moja zaweza kutofautiana sana katika kupitisha wino, na kwa sababu hiyo mtu aifahamu kwanza kalamu aliyo nayo mkononi, kisha ndipo aichagulie wino.

Kabla ya kuijaza, ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, ukiyavuta na kuyatoa mara kadhaa, kwa kuwa mafuta ya kiwandani huzuia wino kushuka. Halafu isuuze vizuri. Itazame nibu kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa pande zake mbili hazilingani kwenye ncha, kalamu itakwaruza karatasi, na mara nyingi inatosha kuusukuma polepole kwa ukucha ule upande uliopanda mpaka ulingane na mwenzake.

Kwa jaribio la kwanza tumia wino wa buluu wa kawaida, usiokuwa na madoido yoyote, kwenye karatasi unayoiandikia kila siku, na uandike kwa kasi yako ya kawaida hadi ujaze nusu ukurasa. Mstari ukipauka au ukikatika, kalamu hiyo ni kavu na inataka wino unaotiririka kwa urahisi, kama vile Waterman Serenity Blue au wino wa Iroshizuku wa kampuni ya Pilot ya Japani. Mstari ukiwa mpana, unang'aa na unachelewa kukauka, kalamu inatoa wino mwingi kupita kiasi, na hapo wino wa Pelikan 4001 wa Ujerumani, ambao hushuka kwa kiasi, huituliza vizuri. Kanuni hii ya kukutanisha tabia zinazokinzana ndiyo ninayoiamini kuliko mvuto wa rangi, maana rangi nzuri katika kalamu isiyoifaa huchosha mkono na macho.

Karatasi nayo ina usemi wake. Kwenye daftari za shule zenye kurasa nyembamba, wino mwingi hutawanyika na kupenya hadi upande wa pili, kwa hiyo Hero 616 yenye mstari mwembamba na wino mweusi au wa buluu iliyokolea ni uamuzi wa busara. Rangi hafifu hupotea katika mstari mwembamba namna hiyo. Jinhao X750, yenye mwili wa metali na nibu kubwa, inastahili karatasi laini zaidi, na humo wino wa Diamine Oxblood wa Liverpool, Uingereza, huonyesha wekundu wake mzito kwa namna ya kupendeza mno.

Wino wenye chembe za kumetameta uuweke katika X750, ambayo nibu yake huvutwa na kutoka kwa ajili ya kusafishwa, wala si katika 616, ambayo si rahisi kuifungua. Wing Sung 3008, iliyo angavu na yenye pistoni ya kuvutia wino, hukuruhusu kuona kiasi cha wino kilichobaki, ingawa rangi kali zaweza kuacha madoa ndani yake. Wino wa kuchorea wa aina ya India usiutie katika kalamu yoyote kati ya hizi, kwa sababu gundi iliyomo hukauka na kuziba njia. Kila unapobadilisha wino, suuza mpaka maji yatoke meupe, na ukijua kwamba hutaitumia kalamu kwa wiki kadhaa, mwaga wino wake, ioshe na uiweke ikiwa kavu.