Somo: Kumtia kiboko mtungini

Wengi mmenitumia picha za samaki aliyejaa chupa tumboni. Nzuri, lakini macho yamekwisha kuzikinai. Mchoro wa surealisimu, yaani sanaa ya kuchora vioja vya ndotoni kana kwamba ni kweli, haupigi kelele. Husema uongo mmoja kwa uso mkavu.

Hatua ya 1. Tafuta jambo la kweli ambalo ni kioja tayari. Langu nililipata Mji wa Kale: kisiwa kimezungukwa na bahari, na mzee anavuta mkokoteni wa maji ya kunywa. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililowekwa miaka ya 1950. Mvua hunyesha vilima vya Chyulu, ikachujwa na mawe ya volkano, ikatokea Mzima safi kama kioo. Na mle wanaoga viboko.

Hatua ya 2. Chora kila kitu kilivyo. Hadubodi (ubao mwembamba mgumu), rangi nyeupe mara mbili, kisha penseli. Magurudumu ya gari, mitungi ya manjano ya lita 20, mmoja umekosa kifuniko ukazibwa kwa nailoni. Ukikosea mkokoteni, kiboko hataaminika.

Hatua ya 3. Sasa uongo. Katika mtungi mmoja, kiboko: masikio, macho, pua juu ya maji. Mmoja tu! Mara ya kwanza niliwatia kumi na wawili, ikawa katuni.

Hatua ya 4. Mwanga, na hapa usiwe na haraka. René Magritte, mchoraji wa surealisimu wa Ubelgiji, alichora tofaa lililojaza chumba kizima mwaka 1952. Unalikubali kwa kuwa lina mwanga na kivuli kama kitu kilichopo. Jua likipita kwenye mtungi wa manjano, maji hayawi ya buluu, huwa kama chai ya rangi. Changanya manjano na kahawia kidogo, pitisha tabaka jembamba, liache likauke, rudia. Mie nilipitisha saba. Kiboko naye apate umanjano huo mgongoni.

Maswali

— Mwalimu, watu watajuaje nazungumzia shida ya maji? Niandike chini?

Usiandike, mwanangu. Mzee wa mkokoteni aliutazama mchoro wangu, akanyamaza, kisha akauliza: "Na huyu nitamuuza shilingi ngapi?"

— Lakini si mambo ya Wazungu haya?

André Breton, mwandishi Mfaransa, alitoa ilani yake ya surealisimu Paris mwaka 1924, kweli. Ila kima alipomwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini, papa akageuza kurudi pwani, wewe uliyekuwa ukisikiliza hukuuliza kitu.

— Rangi ya akriliki ni ghali. Rangi ya mafuta ya milango yafaa?

Yafaa. Edward Tingatinga kule Dar alichorea rangi ya aina hiyo. Shida ni kwamba hufunika kabisa, hivyo tabaka la mwanga lizimue kwa tapentaini hadi penseli ionekane chini yake. Na fungua dirisha.