Unarudi Nairobi na unataka bastola? Soma hii kabla hujafunga mizigo

Kila Desemba watu wa majuu wakishuka JKIA maswali ni yale yale, ploti Kitengela inaenda ngapi, fundi gani haibi simiti, alafu nyama ikishaliwa kuna mmoja lazima akuvute kando akuulize, sasa hapa Nairobi mtu anapata mguu wa kuku aje kihalali? Manake ameishi Texas au Georgia miaka, ana yake kwa droo ya kitanda, na akifikiria kulala Runda au Syokimau bila hiyo kitu hasikii usingizi.

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, lakini itakukasirisha sana. Na kitu kinaangusha watu wengi wa daispora si ati bodi ya leseni za bunduki inawachukia, ni kwamba kwa makaratasi ya Kenya wewe ni kama hukuwepo. Miaka kumi na kitu hakuna chifu anakujua, PIN ya KRA, wale wa ushuru, imelala, OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha mtaa wako, hajawahi kuskia jina lako. Hiyo pengo ndio unafaa kuanza kuziba ukiwa bado huko, kabla hata ya kuwaza ni bastola gani unataka.

Kwanza toa hii fikra ya haki. Marekani una ile Marekebisho ya Pili ya Katiba, serikali ndio inafaa ijieleze kwa nini inakunyima. Kenya ni kinyume. Katiba yetu ya 2010 haina mstari hata mmoja wa kumiliki silaha, kila kitu kiko kwa Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na hiyo sheria inasema afisa wa leseni akupe cheti kama ameridhika una sababu ya maana na hutakuwa hatari kwa watu. Ameridhika. Hilo neno ndio linabeba mzigo wote. Unaweza kuwa na miaka yote, pesa yote, rekodi safi kama maji ya Ngare Ndare, na bado akaambia bodi hajaridhika.

Na msifikirie ni Kenya peke yake. Uingereza bastola za raia zilipigwa marufuku 1997 baada ya yale mauaji ya shule ya Dunblane mwaka uliotangulia, kwa hivyo binamu zetu wa London na Reading hii stori yote wanaisoma kama hadithi. Kanada walisimamisha uuzaji wa bastola tarehe 21 Oktoba 2022. Hata ndani ya Marekani, wale wa Baltimore wanajua Maryland inataka leseni ya kuhitimu kwanza, alama za vidole na mafunzo ya saa nne ndio uguse bastola dukani, wale wa New Jersey wanatafuta kibali kipya kwa kila bastola wananunua, na New York hata baada ya Mahakama ya Juu kuamua kesi ya Bruen Juni 2022, ile ya haki ya kubeba bastola nje ya nyumba, bado kubeba kunataka darasa la saa 16 na saa mbili za kufyatua. Sasa mtu ametoka Dallas ambako tangu Septemba 2021 unabeba tu bila kibali, akifika hapa anaona ni kama anaonewa yeye binafsi. Hapana. Umetoka tu kwa kona moja ya dunia yenye ni rahisi sana.

Hapo Marekani pia kuna kitu nataka niseme haraka juu wengi hawajui. Kama uko na viza ya mwanafunzi au ya kazi ya muda, sheria ya serikali kuu hairuhusu ushike bunduki wala risasi, isipokuwa njia chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grinikadi ni sawa. Lakini kosa la bunduki linaweza kukufukuzisha nchi hata na grinikadi, na ukivuta bangi, hata kwa jimbo imehalalishwa, sheria ya serikali kuu inakuhesabu kama mtu hafai kuwa na silaha. Kijana wa chuo anapiga picha na Glock ya rumeti wake anaweka mtandaoni, kwani hiyo laiki itakulipia wakili wa uhamiaji?

Haya, turudi Nairobi. Swali la kwanza kila mtu anauliza ni kama anaweza kuja na yake. Ushauri wangu ni uiuze huko. Najua inauma, umeizoea, mshiko unauelewa, lakini hesabu vizuri. Unahitaji ruhusa ya huku kuiingiza kabla haijatoka huko, unahitaji upande wa Marekani wakuruhusu kuitoa (bastola za kawaida tangu 2020 ziko chini ya Wizara ya Biashara), shirika la ndege likubali, na kila nchi unabadilishia ndege nayo ina maoni yake. Hata safari za ndani ya Marekani ni mtego, kuna watu wametoka jimbo lao na bastola iko kwa sanduku ngumu lenye kufuli, imetangazwa kaunta vile inatakikana, ndege ikakwama New York au Newark, wakapewa mizigo yao walale hoteli, asubuhi wakirudi kujiandikisha wakashikwa kwa kuwa hawana leseni ya hapo. Na yote hiyo ikienda sawa, ukifika hapa bila cheti inabaki mikononi mwa serikali ukiingoja. Bunduki aina ya AR-15 hata usianze hiyo mazungumzo, sheria yetu ina kifungu chake maalum cha silaha za kijeshi kama AK47 na G3 na ni kifungo cha maisha.

Cha kuogopesha zaidi ya bastola yenyewe ni vitu vidogo. Lile begi unaenda nalo kulenga shabaha usilitumie kusafiri, kabisa. Risasi moja imejificha kwa mshono inatosha, 2024 kuna Wamarekani kadhaa walishikwa Turks and Caicos kwa hivo tu, risasi walisahau kwa mzigo, na JKIA hawana huruma kushinda hao. Alafu ile kopo ya pilipili dada zetu wanabeba kwa funguo, na ile mashine ya kupiga mtu shoti. Huko unanunua hata dukani ukingoja kulipa maziwa. Sheria ya Kenya inapoeleza bunduki ni nini, inajumuisha silaha ya kutoa gesi au maji ya kudhuru na ile ya umeme wa kumlemaza mtu. Yaani umeshuka na zawadi ya mamako ya kujilinda kumbe kwa macho ya sheria umeingiza silaha. Acha huko.

Sasa faili. Hii ndio kazi yenyewe na unaweza kuianza ukiwa Lowell au Minneapolis.

KRA kwanza. Wengi mlitoka na PIN mkadhani ikiwa hupati pesa Kenya basi umemaliza nao, wakati ritani tupu inafaa kuingizwa kila mwaka kabla ya 30 Juni na ukichelewa adhabu ni shilingi 2,000 kwa kila mwaka. Safisha hiyo. Alafu cheti cha tabia njema cha DCI, wale polisi wa upelelezi, unaomba kwa tovuti ya serikali ya eCitizen, ni shilingi 1,050, alama za vidole unapeleka makao makuu ya DCI Kiambu Road au Huduma Centre, na ukiwa nje unaweza kuchukuliwa alama huko ukatuma. Lakini fikiria kama mtu wa kukupiga msasa, hicho cheti kinamwambia ulikuwa mtu mzuri Kenya, na Kenya hukuwepo! Kwa hivyo tafuta pia rekodi yako ya FBI, au ya polisi wa nchi unakaa, uipitishe kwa ubalozi wetu ipigwe muhuri, uje nayo hata kama hujaulizwa. Kama ulikuwa na leseni ya jimbo na vyeti vya mafunzo weka pia. Havikupi leseni ya Kenya, lakini vinaonyesha hukuamka jana.

Umri ni 21 kwenda juu. Utapimwa pia akili, na hapo msione mmetukanwa, ni daktari anataka tu kujua kama una hasira ya mkizi au unakunywa kama samaki wawili.

Alafu sababu. Hapa ndio watu wanachoma. Mtu anaandika ati anataka kuwinda, Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, umejimaliza mstari wa kwanza. Mwingine anaandika tu kujilinda, basi. Kila mtu Nairobi anataka kujilinda, mama mboga pia. Andika kitu cha kushikika, una biashara ya kubeba pesa taslimu, ulivamiwa na hii hapa nambari ya OB, kile kitabu cha ripoti cha polisi, unaishi shamba mbali na kituo, au wewe ni mlengaji shabaha na klabu yako inakujua. Hiyo ya mwisho naipenda kwa sababu unaweza kuijenga polepole. Ukija likizo nenda Kirigiti pale Kiambu uone mashindano, ongea na wale wazee, wengi wao wana leseni miaka mingi na watakwambia mchakato ulivyo sasa hivi kuliko broka yeyote wa mtandaoni. Na mafunzo ya hapa utafanya tu, usiende ukijifanya komando wa Houston.

Baada ya hapo jina lako linateremka mtaani. Usalama wa kaunti ndogo, DCI, ujasusi, chifu, hata mzee wa Nyumba Kumi anaweza kuulizwa huyu ni nani. Ndio maana nasema usitume maombi wiki ya kwanza umefika. Kaa kwanza. Hudhuria mikutano ya mtaa, lipa pesa ya askari wa geti, wajulikane watoto wako. Nimeona ombi la mtu mwenye pesa ndefu likilala miezi bila jibu na la mwalimu mstaafu likapita, tofauti ilikuwa kwamba mwalimu kila mtu alimjua.

Kuhusu kukaa kimya kwa ofisi, hapo mna haki ya kulia na mimi nalia na nyinyi. Unaweza kunyimwa bila kuambiwa kwa nini, au usijibiwe kabisa. Wenye leseni wenyewe wameonja, Septemba 2013 kule Westgate raia wenye bastola zao halali walikuwa kati ya watu wa kwanza kuingia kutoa watu, alafu Desemba 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, akaagiza wenye leseni wote nchini wakaguliwe upya, na watu waliokuwa na vyeti vyao sawa wakapanga foleni tena kama wageni. Mimi naona ukaguzi wenyewe haukuwa mbaya, kulikuwa na vyeti feki na watu wa washi washi, wale matapeli wa pesa, wakitembea na bastola kama simu, shida ni vile mtu msafi hakuwa na wa kumuuliza. Lakini una silaha moja ya karatasi, Ibara ya 47 ya Katiba na ile Sheria ya Haki ya Kiutawala ya 2015. Ukinyimwa andika barua uombe sababu kwa maandishi, weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa, ikishindikana wakili aende Mahakama Kuu. Ni polepole, ndio. Lakini barua yenye adabu na tarehe imefanya kazi mahali kelele ilishindwa.

Usichofanya ni kumpa broka pesa. Anakwambia ana mtu ndani, wiki mbili kadi iko tayari. Utapewa kadi inayong'aa kushinda ya ukweli, siku ya msako unakutwa na silaha bila cheti, na hiyo ni kesi ya miaka jela, si kitu cha kumalizia kando ya barabara. Zile za Eastleigh za bei ya kutupa hata sitazizungumzia, hujui iliua nani kabla ikufikie.

Ukiipata sasa, jua ni yako peke yako, unarinyu kila mwaka, cheti kinasema hata risasi ngapi unaruhusiwa, na lazima uwe na sefu ya maana. Usiingie nayo klabu. Januari 2020 pale Kilimani kuna DJ alipigwa risasi ndani ya klabu na bastola yenye leseni, tangu hapo mwenye bastola akionekana na chupa kila mtu anachukua video. Na kama kazi yako ni ya kuja Desemba na kurudi Januari, sioni kwa nini unaitaka, utaiacha na nani? Bibi hawezi kuishika, kijana wa kazi hawezi. Kwa huyo mtu naona ua wa umeme, taa, alarm yenye gari linakuja kweli, na jirani mwenye ako macho. Askari wa kampuni usitegemee wana bunduki, hawaruhusiwi, kwa hivyo uliza mapema hiyo gari inakuja na polisi ama ni rungu na tochi.

Alafu kuna hii moja inawapata watu wa nje vibaya sana. Mzee alikuwa na leseni, mzee amefariki, umekuja mazishi, mnafungua sefu mnapata bastola na paketi za risasi. Usiiweke kwa begi, usimpe mjomba, usiseme tutaona baada ya arobaini. Cheti kilikuwa cha mzee, kilikufa na yeye, na saa hiyo mwenye kukaa nayo ndiye mwenye kosa. Piga simu kituo cha polisi waje waichukue au mwambie wakili aongozane nanyi, muandikiwe OB yenye nambari ya silaha na hesabu ya risasi, mchukue nakala, alafu mpeleke taarifa kwa bodi na cheti cha kifo. Kama kuna mtoto anaitaka anaanza maombi yake kutoka sufuri kama mtu mwingine yeyote, na bastola inabaki huko huko ikimngoja.