Jinsi ya Kununua na Kutunza Picha za Wanyamapori za Toleo la Nakala Chache

Ukiletewa picha ya kuchapwa ya chui iliyoandikwa 112/250 kwenye pambizo ya chini, mwache chui kwanza, tazama karatasi. Kwa desturi namba hukaa kushoto, jina la picha katikati na sahihi ya msanii kulia, vyote kwa penseli. 112 ni nakala uliyoishika. 250 ni jumla ya nakala zilizopewa namba, na hapo ndipo wengi wanapopigwa. Nje ya hizo 250 huwapo nakala za msanii, zenye alama A/P, ambazo mara nyingi ni kama asilimia 10 ya toleo. Zipo P/P za mchapaji, na H/C ambazo hazikukusudiwa kuuzwa lakini huishia sokoni vilevile. Picha ileile inaweza kutolewa tena kwenye turubai au kwa saizi ndogo, na kila toleo likaanza namba zake upya.

Kwa hiyo muulize muuzaji: ukijumlisha matoleo yote, zipo ngapi? Jibu aliandike kwenye risiti. Jihadhari pia na matoleo ya muda, ambapo mchapishaji hupokea oda kwa wiki kadhaa na kuchapa kadiri ya oda zilizoingia. Nakala zikifika maelfu, sahihi ya penseli haizipunguzi.

Namba ndogo kama 3/250 isikupandishie bei kama picha ni ya ofseti (uchapaji wa mashine, kama wa vitabu na magazeti) au ya printa, kwa sababu nakala ya kwanza na ya mwisho ni sawa. Namba ndogo ina maana kwenye picha zilizochanjwa kwa sindano juu ya bamba la shaba, maana bamba hilo huchakaa upesi na nakala za mwisho hufifia.

Tumia lenzi

Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, kama wanayotumia masonara. Picha ya ofseti itaonyesha vitone vya rangi vilivyojipanga kwa viduara vidogo vidogo. Ya printa ya wino ina vitone laini mno visivyo na mpangilio, kama vumbi. Iliyochapwa kwa bamba la shaba ina mistari ya wino iliyoinuka kidogo, na kingo za bamba zimebonyea kuizunguka picha. Itazame mwanga ukija kwa ubavu, utaziona.

Kisha hamia kwenye sahihi. Inamisha karatasi ili mwanga uje kwa ubavu: penseli huacha mfereji mwembamba na mng'ao wa kijivu. Sahihi iliyochapwa imelala bapa, na chini ya lenzi utaiona imeundwa kwa vitone. Sahihi iliyo ndani ya mchoro wenyewe, pale majanini miguuni pa mnyama, imo kwenye kila nakala na haihesabiwi.

Ndege wa John James Audubon, mchoraji wa ndege wa Marekani, ni mfano mzuri wa kujizoeza. Toleo la kwanza lilichapwa kati ya 1827 na 1838, picha 435, na rangi zilipakwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna vitone vya ofseti. Ukiinua karatasi dhidi ya mwanga, tafuta alama ya maji (maandishi yaliyomo ndani ya karatasi yenyewe) ya Whatman, mtengenezaji wa karatasi, pamoja na mwaka. Toleo la Amsterdam la 1971–1972, lililonakili lile la kwanza, lilikuwa la seti 250 na lina thamani yake, lakini ni ofseti na karatasi yake ina alama nyingine. Atakayekuuzia hilo kwa bei ya lile la kwanza, mshukuru uende zako.

Kabla ya kulipa

Omba picha itolewe kwenye fremu. Mtu asiyetaka kuitoa ana sababu. Linganisha rangi iliyofichwa chini ya kadi ya fremu (ile inayoizunguka picha) na iliyokuwa wazi. Kwenye ofseti, nyekundu na njano hupauka kwanza, ndiyo maana unakuta nyasi za savana zimegeuka rangi ya bluu. Angalia madoa ya kahawia ya unyevu, mstari wa kahawia ulioachwa na kadi yenye asidi, na pambizo zilizokatwa ili picha ienee kwenye fremu. Iliyogandishwa yote juu ya ubao iache, hata kama ni nzuri, kwa kuwa kuibandua ni kazi ya fundi wa kuhifadhi karatasi na huenda ikagharimu kuliko picha.

Ikifika nyumbani

Iliyokuja imeviringishwa kwenye bomba iache ndani ya bomba siku nzima izoee hewa ya chumba. Nawa mikono na uikaushe, kisha kunjua picha juu ya meza safi, funika kwa karatasi isiyo na asidi, weka ubao bapa juu na uiache siku mbili tatu. Usiikunje upande wa pili ili inyooke, utaiachia mivunjo. Ibebe kwa mikono miwili, kwani ukiishika kwa mkono mmoja hupata mikunjo ya nusu mwezi isiyotoka.

Kwenye fremu, ishikizwe kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, upande wa juu tu. Karatasi hutanuka hewa ikiwa na unyevu, na ukiibana pande zote itafanya mawimbi. Selotepu kamwe. Kadi ya pamba isiyo na asidi iitenge picha na kioo, la sivyo unyevu utaigandisha hapo. Kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno husaidia, ila hakizuii mwanga wa kawaida. Makumbusho hutumia takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwangaza) kwa kazi za karatasi. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65, tarajia ukungu.

Cheti cha uhalisi kinachokuja na picha kiwe na namba ileile iliyo kwenye pambizo. Kihifadhi kwenye faili pamoja na risiti na picha za mbele na nyuma, wala usikibandike mgongoni mwa picha, kwa sababu gundi hupenya hadi mbele.