Mbele ya kununua nyama ya pori Bukavu, uliza kwanza

Bon, huku kwetu ukisema "kuwinda kwa haki" bantu banacheka, banasema hizo ni mambo ya bazungu, sisi tunatafuta paka kitu ya kulia bugari. Mi pia nilikuwa nasema vile. Lakini mi ni mutoto wa Mwenga, baba mudogo yangu alikuwa muwindaji, na vile niliona kwake pamoja na vile naona leo mu soko ya Kadutu njo imenifungua macho: muwindaji haiko paka ule mwenye kulala mu pori. Ni wewe pia, mwenye kutoa franka. Yeye anaua kile wewe unanunua, basi. Kwa hiyo sikatazi mutu nyama ya pori, mi mwenyewe naikula, nataka paka nikuambie namna mi nanunua siku hizi.

Ya kwanza kabisa: usinunue nyama yenye haujue ni nyama gani. Najua hapa wengi banakosea, juu nyama ya moshi inakuya imekatwa vipande, nyeusi yote, unaambiwa "ni kabuluku, mama, nunua tu" (kabuluku ni ile swala mudogo ya pori) na hauna namna ya kuhakikisha. Lomba kuona kichwa, ao muguu na kwato, ao ngozi kidogo. Kabuluku iko na kwato, makako (nyani) iko na vidole, hapo hakuna kudanganyana. Muuzaji akikuambia kichwa ilibakia mu kijiji, aksante, endelea na njia. Vidole njo banaficha mingi.

Ju ya nini nasumbuka na aina? Ju wanyama habazae sawasawa. Ndezi, ile panya kubwa ya mu matete yenye ba Kinshasa banaita simbiliki, inaweza zaa mara 2 kwa mwaka, kila mara batoto 4 hivi, na inaharibu mashamba ya muhindi, ukiila ile hauibie pori kitu, ata mwenye shamba atakushukuru. Kabuluku inabeba mimba karibu miezi 7 na inazaa mutoto 1. Sokomutu (chimpanzee) mama anakaa miaka 5 ao 6 mbele ya kuzaa tena, ngagi (gorilla) miaka 4 hivi. Sasa piga hesabu wewe mwenyewe: ule mwenye kuua mama ngagi leo, pori itamurudisha lini? Na ngagi wetu ya huku, ya Kahuzi na Walikale, haipatikane inchi ingine yote ya dunia, iko paka huku Kongo mashariki, na tangu 2016 imewekwa mu kundi ya wale wako karibu kabisa kuisha. Ngagi, sokomutu, tembo, hao hapana, ata wakikupa bure, ata wakisema ilikuwa imekufa yenyewe. Sheria ya 1982 ya kuwinda inabachunga, na ile ya 2014 ya kuchunga mazingira pia, lakini mi sisubirie sheria kwa hiyo.

Pangolini (kakakuona) naiweka pembeni juu iko na hadithi yake. Tangu 2017 biashara yake kati ya inchi na inchi imefungwa kwa aina zote 8, juu magamba inauzwa mbali huko Asia. Lakini mbele ya hiyo yote, kwetu Balega pangolini ilikuwa mnyama ya heshima ya bwami, ile chama ya bazee ya Balega, bazee banasema yeye njo alifundisha bantu kuezeka nyumba, angalia vile magamba yake imepangana sawa majani ku paa. Haikuwa nyama ya kila mutu kuua namna anataka. Kwa hiyo ule mwenye kuniambia heshima ya wanyama ni kitu ya bazungu, nitamutuma kwa babu yake.

Ya pili, uliza ilitoka wapi. Hii inaonekana nyepesi lakini iko na mutego. Barabara ya Miti kwenda Bunyakiri inapita katikati ya parke ya Kahuzi-Biega, kwa hiyo nyama inaweza toka "Bunyakiri" na kumbe iliuliwa mu parke, kilometa kidogo tu mbele ya kijiji. Mu parke hakuna kuwinda, imeisha. Uliza jina ya kijiji, uliza ni shamba ao ni pori, uliza nani aliua. Muuzaji mwenye kujua atakujibu bila kukasirika, mama mumoja wa Kadutu mwenye naendaka kwake ananiambia mpaka jina ya mbwa ya ule muwindaji, ha!

Hapa niseme kitu kingine, maana ni kidonda. Parke iliundwa 1970, na Batwa wenye walikuwa banaishi mule tangu zamani, banawinda na nyavu na mbwa, walifukuzwa, hawakupewa ardhi ingine. Mu 2024 Komisioni ya Afrika ya haki za binadamu ilitangaza kama serikali ilivunja haki zao. Kwa hiyo mi siwezi weka mutwa mwenye kutafutia batoto wake chakula na nyavu, pamoja na bosi mwenye kutuma vijana na silaha ya kivita walete magunia ya nyama, mu kikapu kimoja. Kumbuka ile wakati ya coltan, ile madini, kama 2000 hivi, bantu elfu na elfu waliingia mu pori kuchimba, hakuna shamba, hakuna ng'ombe, wakala nini? Wakala pori. Tembo wa Kahuzi ya juu walikuwa wameisha kumalizwa karibu wote mu ile miaka ya vita. Ile haikuwa njaa ya kijiji, ilikuwa biashara, na ukiona leo mutu anashusha nyama gunia kwa gunia, iko njia ile ile.

Ya tatu njo inaniuma zaidi: iliuliwa namna gani, na iliuliwa lini. Baba mudogo alikuwa anatega na kabli ya frein ya kinga (baiskeli), ni bei chini, unaweka 40, 50, kisha unarudi. Shida ni kurudi. Mvua ikinyesha ao kukiwa matanga, anamaliza wiki mbele ya kuenda kuangalia. Siku moja nilimufwata, tulikuta kabuluku 3 mu mitego, 2 zimeoza, moja ilikuwa nzima bado imejivuta mpaka muguu unaonekana mufupa. Alinyamaza, akaipiga na fimbo, tukaibeba. Mi nilikuwa na miaka 11 hivi, jioni sikukula, wakasema ni malaria. Leo naelewa: ile moja yenye tulikula haikunisumbua sawa zile mbili zenye hakuna mutu alikula. Na kabli haichague. Ule ngagi mukubwa wa Kahuzi mwenye waliita Mugaruka alikosa mukono moja juu ya mutego wenye haukuwekwa kwa ajili yake, mutego ya nyama ya kula tu.

Kwa hiyo angalia muguu. Ukiona ngozi imekatwa sawa pete kuzunguka muguu, ni kabli. Kama iko kavu na safi, ilikuja haraka, bon, utaamua. Kama kuna harufu chini ya moshi, rangi ya kijani kidogo karibu na mufupa, ilioza mbele ya kukaushwa, moshi inaficha tu. Kama iliuliwa na bunduki ya kaliba 12, unaweza kuta vipande vidogo vya risasi mu nyama, vitoe vyote na ukate pembeni pale pamezunguka tundu, juu plomo yenye iko mu risasi ni sumu, zaidi kwa batoto.

Na ukiwa mu kijiji mwenyewe, wanakualika kuenda kutega: mitego kidogo yenye unaweza angalia kila asubui, mu shamba na si mu pori kubwa, mukikuta jike yenye mimba na iko nzima muiachilie, na mutoe kabli zote siku munarudi. Kabli yenye imesahaulika inaua ata wewe ukiwa umerudi Bukavu unakunywa Primus. Kuko pia permi ya kuwinda na kipindi yenye kuwinda kunakatazwa, uliza ku ofisi ya mazingira ya teritware.

Afya, haraka haraka. Mnyama mwenye mumekuta amekufa yeye mwenyewe mu pori, hamumuguse, ata kama ana mafuta namna gani. Ebola ya 2018 mpaka 2020 iliua zaidi ya bantu 2,200 Kivu ya kaskazini na Ituri, hatuwezi fanya sawa hatukuona. Lakini tusitupie nyama kila kitu: mpox yenye ilitoka Kamituga mu 2023 ilikuwa inapita zaidi mutu kwa mutu. Nyama mbichi, usiikate na kidonda ku mukono, pika mpaka damu isionekane, kisu na ubao osha na sabuni.

Mi sasa nanunua labda mara 2 kwa mwaka, ndezi zaidi, kwa ule mama wa mbwa. Siku zingine tunafuga dende, zile kobayi, wanyama wadogo wa kufuga sawa sungura, nyuma ya jikoni. Hazihitaji mingi: majani mabichi kila siku (bila majani mabichi zinagonjwa), pakavu chini, dume moja kwa majike 5 ao 6, na kila miezi 2 na kidogo unaona batoto 2, 3. Utenge dume za mudogo mbele zikomae, bila hivyo zinapigana usiku wote, jirani atakuita. Tulianza na 3, tuko na 17. Shida ni moja tu, mutoto wangu wa pili ameisha kuzipa zote majina, Noël inakaribia, na nyumbani hakuna mutu anataka kushika kisu.