Kabla ya kuizika kampuni, kusanya madeni yake

Pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, dagaa wengi huuzwa kwa mali kauli: mzigo unapakiwa leo, pesa utaiona lori likirudi. Ndiyo maana kampuni hufungwa daftari likiwa bado limejaa majina ya wadaiwa. Wenyewe hujisemea, "Deni ni letu, tutalidai polepole." Wanakosea.

Kwanza angalia ulichosajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Kama ni jina la biashara tu, wewe na biashara ni mtu mmoja. Ukilifunga, wadaiwa bado ni wako. Kampuni yenye ukomo wa hisa ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama hisa karibu zote ni zako. Ikishafutwa kwenye daftari la BRELA, madai yaliyobaki hayarithiwi na mtu: yanaangukia Serikali kama mali isiyo na mwenyewe. Kuirudisha daftarini ni safari ya mahakamani, na wakili hafanyi kazi kwa mali kauli.

Basi kabla ya kupeleka maombi ya kufunga, pitia madeni moja moja ukiwa na ankara na hati za kupokelea mzigo. Asiye na pesa sasa akiri deni kwa maandishi na kutia saini. Dai la mkataba lina miaka 6, na ukiri wa namna hiyo, ukipatikana kabla muda haujaisha, huufanya muda huo uanze kuhesabiwa upya. Deni litakalochelewa mno lihamishiwe kwa maandishi mwanahisa au mnunuzi, na mdaiwa apewe taarifa, kampuni ikiwa bado hai. Akaunti ya benki iwe ya mwisho kufungwa. Hundi yenye jina la kampuni haiingii kwenye akaunti ya shemeji.

Kinachopatikana si cha kugawana papo hapo. Wafanyakazi, Mamlaka ya Mapato (TRA) na wadai wengine wanatangulia.

Na wewe unayedaiwa? Mkurugenzi wa zamani akikupigia simu kutoka Igoma akitaka umtumie kwenye namba yake, tafuta kwanza hali ya kampuni BRELA. Kama iko kwenye ufilisi, bado ipo, na anayepokea ni mfilisi, yaani aliyeteuliwa kukusanya mali za kampuni na kulipa madeni yake. Kama imeshafutwa, muombe hati ya kuhamishiwa deni, uangalie tarehe yake. Ukimlipa asiyehusika, deni liko palepale.