Kufuta mafaili ya .deb yaliyopitwa na wakati bila kuchoma bando

Wakuu, diski ikijaa kwenye Debian au Ubuntu wengi wetu tunakimbilia kufuta picha na muvi. Kabla hujafika huko, chungulia /var/cache/apt/archives. Kila faili la .deb (kifurushi cha kuwekea programu) ambalo apt-get, amri ya kushusha na kuweka programu, imelishusha hubaki humo hata baada ya programu kuingia.

Hatua ya 1: pima.
sudo du -sh /var/cache/apt/archives
Ukiona MB chache, tatizo lako haliko hapa. Kafute muvi.

Hatua ya 2:
sudo apt-get update
Hii wengi wanairuka. Autoclean, amri tutakayoitumia kufuta .deb zisizopatikana tena kwenye seva, inalinganisha mafaili yako na orodha ya vifurushi iliyomo kwenye mashine. Kama orodha ni ya miezi mitatu nyuma, faili la zamani litahesabiwa kuwa bado lipo kwenye seva, na halitaguswa.

Hatua ya 3: jaribu kwanza.
sudo apt-get -s autoclean
Hapa hakifutwi kitu. Utaona mistari inayoanza na Del, kisha jina la kifurushi, toleo na ukubwa.

Hatua ya 4: umeridhika? Rudia amri bila -s.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, imefuta mawili tu, folda bado ina GB 2.*
Yaliyobaki bado yanapatikana kwenye seva. Mimi huwa nayaacha, maana nimeshayalipia bando, na nikitaka kuweka programu hiyohiyo kwenye mashine nyingine nayabeba kwa flashi. Kama umebanwa sana, piga sudo apt-get clean, yataondoka yote. Programu zako ziko salama: .deb ni boksi tu, TV yenyewe ishafungwa ukutani.

*Mbona yangu iko tupu na kila siku naweka programu?*
Bila shaka unatumia apt, si apt-get. Kuanzia toleo la 1.2, lililokuja na Ubuntu 16.04, apt hulifuta .deb yenyewe ikishamaliza kazi. Ukitaka iyatunze, weka mstari huu kwenye faili jipya ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/, kwa mfano 99tunza:
Binary::apt::APT::Keep-Downloaded-Packages "true";

*Autoremove si ndiyo hiyohiyo?*
Hapana kaka, hiyo inang'oa programu zenyewe: zile zilizoingia kwa kuambatana na nyingine na sasa hazitegemewi tena, pamoja na kerneli (kiini cha mfumo) za zamani. Soma orodha yote kabla ya kubonyeza Y. Mimi niliwahi kubonyeza huku nikiongea na simu. Nilipowasha mashine tena nikakuta skrini nyeusi na neno login, yaani desktop nzima ilikuwa imeng'olewa.