Somo: Kutengeneza Mount Gelai kwa maboksi na vizibo vya soda

Hamjambo wapenzi wa treni. Leo tunatengeneza mfano wa kile kichwa kikubwa cha treni cha rangi ya damu ya mzee kilichosimama uani pa Makumbusho ya Reli, Nairobi. Namba yake ni 5918, jina lake Mount Gelai. Ni mmoja wa ndugu 34 wa daraja la 59 waliotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Mombasa hadi Nairobi. Kina uzito wa tani 252. Hakuna kichwa cha mvuke kilichowahi kupita kwenye reli ya upana wa mita moja kikawa na nguvu kukishinda.

Hatua ya 1: Nenda ukakione

Picha za simu hazitoshi. Makumbusho haya, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yako karibu na stesheni kuu ya zamani. Pitia kwanza ukumbini kwenye mifano ya treni na meli, uinamishe macho hadi usawa wa magurudumu. Utaona mafundi wa zamani walivyojua kipi cha kuchonga kwa makini na kipi cha kuachia rangi tu. Kisha toka uani ukiwa na kamba ya mita 5 iliyofungwa fundo kila mita, na daftari. Pima kutoka ncha ya mbele hadi pale mwili unapokatika mara ya kwanza, halafu hadi pale unapokatika mara ya pili, halafu hadi nyuma. Hapo katikati ya vipande ndipo penye siri yote.

Kichwa hiki ni vipande vitatu. Mbele kuna tangi la maji juu ya magurudumu yake. Nyuma kuna mafuta na maji, juu ya magurudumu mengine. Katikati kuna boila na chumba cha dereva, na chini yake hakuna gurudumu hata moja: fremu yake imeegemea vile vipande viwili kwa egemeo linalozunguka. Herbert William Garratt aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mtindo huu mwaka 1907, na ndiyo maana kichwa kirefu namna hii kinapinda kwenye kona za milimani. Mfano wangu wa kwanza niliugundisha mwili wote pamoja. Ulipendeza mezani, lakini kwenye kona ya kwanza ukatoka nje ya reli. Mfano usiopinda si Garratt.

Hatua ya 2: Chagua kipimo

Tumia 1:50. Reli ya mita moja inakuwa milimita 20, na urefu wa mita 31 na ushei unakuwa kama sentimita 63. Kila mita uliyoandika daftarini izidishe kwa 2 upate sentimita.

Hatua ya 3: Magurudumu

Yapo 28: manne madogo, manane makubwa, mawili madogo, kisha hivyo hivyo kinyume. Yale 16 makubwa yana kipenyo cha futi 4 na nusu, ambacho kwa kipimo chetu ni milimita 27. Chukua kizibo cha soda ya chupa ukipime: kinakaribia hapo hapo! Toboa katikati kwa msumari mwembamba, upitishe kijiti cha mshikaki kiwe ekseli. Meno ya kizibo yaelekee ndani, kwa sababu yamepanuka kidogo na yataishika reli kama ule ukingo wa gurudumu halisi. Acha milimita 31 kati ya ekseli na ekseli, la sivyo vizibo vitasuguana. Madogo 12 tumia vifungo vya koti.

Hatua ya 4: Fremu na maegemeo

Kata fremu tatu za boksi gumu, tabaka mbili zilizogundishwa. Kwenye maegemeo pitisha skrubu ndogo na nati, na katikati ya fremu uweke kipande cha mpira wa ndala ya zamani. Usikaze nati hadi mwisho. Ukiinua kipande cha katikati, vile viwili vining'inie na kugeuka bila kulazimishwa. Jaribu hili kabla ya kuweka chochote juu.

Hatua ya 5: Mwili

Boila ni lile bomba la katikati la karatasi ya chooni. Matangi ni boksi jembamba. Tazama umbo la bomba la moshi kwa mbele na kwa ubavuni kabla ya kukata. Piga msasa, paka rangi mara mbili nyembamba badala ya moja nzito, kisha andika namba.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Gelai si mlima wa kwetu? Umefikaje kwenye treni ya Nairobi?

Marahaba. Ni wa kwenu kabisa, kule karibu na Ziwa Natron. Shirika la reli lilikuwa la nchi zote tatu, na vichwa vya daraja la 59 vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. 5930 iliitwa Mount Shengena, mlima wa Upare.

Mwanachama wa Nakuru: Kaka, nimeweka punje za makaa nyuma ili ionekane halisi. Sawa?

Yatoe, ndugu yangu. Hivi vilichoma mafuta. Funika tangi la nyuma kwa boksi, uweke mifuniko midogo juu.

Mwanachama wa Muscat: Nina reli za dukani za milimita 16.5. Zitafaa?

Zitafaa, ila zilikusudiwa kuwa reli ya milimita 1,435 kwa 1:87. Kwa reli yetu ya mita moja, kipimo kinakuwa karibu 1:60, na kichwa chako kitakuwa sentimita 53 hivi. Vizibo vitakuwa vikubwa mno, tafuta vifungo vya milimita 23. Kona za dukani ni kali sana. Tandaza zako zenye nusu kipenyo cha mita moja au zaidi.

Mwanachama wa Mombasa: Mwanangu ana miaka 7, Garratt itamshinda. Aanze na nini, mwalimu?

Dada, aanze na behewa namba 12, lipo pale pale makumbusho. Ni boksi moja refu na madirisha. Ndimo alimokuwa Charles Ryall, ofisa wa polisi, usiku ule wa Juni 1900 pale Kima, akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua, simba akaingia, akatoka naye kupitia dirishani. Ukiona kisa hiki kizito kwa umri wake, mwachie cha baadaye. Madirisha yote ayabandike karatasi ya nailoni, moja aliache wazi.